Namna za Kuitika

Mama aliacha kuitika siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, akiwa amekaa kitako kwenye mkeka anachambua mchele. Nilimwita kutoka jikoni, nataka kumuuliza chumvi kaiweka wapi, nikapata kimya. Nikamwita tena. Nikatoka na mwiko mkononi, nimeshakasirika, maana mimi hasira zangu ziko karibu, nikamkuta macho yamefunguka, uso mtulivu, vidole vinaendelea kutoa chuya na vijiwe. "Mama," nikasema, nimeinama mbele yake kabisa. Akanitazama kama unavyomtazama mpita njia aliyesimama kusoma tangazo ukutani kwako. Kisha akarudi kwenye mchele wake.

Kusikia anasikia. Paka akiangusha sufuria, anageuka. Kusema pia anasema, maneno mawili matatu kwa siku, ya njaa na ya baridi. Kilichompotea ni lile neno dogo ambalo mtu hulirudisha anapoitwa. Nimelifikiria sana neno hilo tangu siku ile. Halina habari yoyote ndani yake. Halisemi ndiyo wala hapana, halitoi kitu wala haliombi kitu. Na bado bila hilo hakuna mazungumzo yanayoanza duniani. Mtu anatupa jina hewani, jina linazunguka bila mwenyewe, mpaka upande wa pili mtu aseme: naam. Hapo ndipo jina linapopata mahali pa kukaa. Sasa najiuliza, kabla sijaitika mimi ni nani? Ninapokaa peke yangu nasuka ukili na hakuna anayeniita, Tunu yuko wapi? Naogopa kwamba hayupo. Naogopa kwamba mtu anaanza upya kila anapoitwa, na kwamba mama yangu ameamua kutoanza tena.

Mji wetu hauna jina. Hakuna aliyewahi kusimama mbali nao kiasi cha kutaka kuuita. Lakini wakazi wake wote tuna majina, na majina hayo yamo kwenye daftari la Bwana Lukanga, Mwitaji wa mji. Kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana anapita nyumba kwa nyumba, amevaa koti lake la kijivu, anaita kila mtu kwa jina mara tatu. Unatakiwa kuitika. Na unatakiwa kuitika "naam", kwa sababu Baraza liliona zamani kwamba mji mmoja hauwezi kuwa na namna sabini za kuitika, watu watashindwa kujua nani yuko hai na nani anatania. Ukikosa kuitika Ijumaa tatu mfululizo, wanakuchukua kwa heshima zote, wanakupeleka nyuma ya ukuta, kwenye Nyumba ya Wanyamavu. Hakuna aliyerudi kutoka kule. Mama alikuwa amekosa Ijumaa mbili.

Ijumaa ya pili Bwana Lukanga alikunja daftari, akanivuta pembeni. Ni mtu mwema, na wema wake unamtaabisha, unaona hata anavyovaa viatu.

"Dada Tunu," akasema, "kuna kifungu cha zamani, hakuna anayekisoma siku hizi. Mtu mzima aliyechoka anaruhusiwa kuitika kwa namna aliyolelewa nayo. Lakini lazima mtu wa nyumbani kwake ailete namna hiyo, na aeleze ilikotoka."

"Nikiileta utamwita kwa namna hiyo?"

"Nitamwita hata kwa kuimba. Ila una siku saba tu, na mimi kalamu yangu haina ujanja."

Mtanicheka. Nimeishi na mama yangu miaka arobaini na sita, na sikujua alilelewa aitike vipi. Kwetu mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kabatini. Baba alimwita Mama Tunu. Majirani, Mama Tunu. Mwenye duka, Mama Tunu. Jina lake, Kazija binti Sheha, nililisikia kwa Mwitaji tu, siku za Ijumaa, na nilipokuwa mdogo nilidhani Kazija ni mtu mwingine anayekuja kukaa mwilini mwa mama kwa dakika moja kila wiki. Kumbe aliyekuja kukaa alikuwa Mama Tunu. Alikuja nilipozaliwa mimi, akapewa nyumba yote.

Nikamwachia shoga yangu amwangalie mama na chai yake, nikaondoka.

Mitaa ya mji wetu imepangwa kwa miaka. Ukitoka mlangoni kwetu ukashika njia ya kusini, unatembea kurudi miaka ya nyuma, na mwili wako unakufuata. Nilipofika Mtaa wa Reli gauni lilikuwa linanivuka mabegani, meno mawili ya mbele hayapo, nina miaka saba. Bi Nyamizi alikuwa barazani kwake ananyoosha mashuka ya watu kwa pasi ya mkaa. Alikuwa dobi wetu na jirani yetu, zama tulipoishi pale, na alinitambua papo hapo.

"Wewe Tunu! Mbona unapiga hodi kama mgeni? Njoo kivulini, mwanangu. Pole na jua."

"Nishapoa, mama."

Bi Nyamizi aliweka pasi chini akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya, watu wa pwani hao! Umepoa saa ngapi na jasho bado linakutiririka? Huku ukipewa pole unasema asante, yanaisha."

"Mama anasema asante ya pole ni kama kushukuru kwamba umeumia."

"Na mimi nasema nishapoa ni kumfukuza mtu na huruma yake mkononi. Kaa hapo, nikupe kiazi."

Nikakaa. Nikala kiazi. Nikamweleza shida yangu kwa sauti ya mtoto wa miaka saba, na alinisikiliza kama ananisikiliza mtu mzima. Mvuke wa pasi ulikuwa unapanda kati yetu.

"Akiitwa hapa alikuwa anaitika abee," akasema. "Wanawake wote wa huku tunaitika abee, wanaume wanasema naam. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa ananichokoza kwamba abee ni neno la pwani lililopanda treni likachoka, likaangusha mizigo njiani, likafika huku limebaki hivyo. Mimi nilikuwa nambishia. Neno ni la yule anayelitumia akiwa na usingizi, nilimwambia. Mimi nikiamshwa ghafla nasema abee, basi ni langu."

"Kwa hiyo nimwambie Bwana Lukanga ni abee?"

Akaligeuza shuka. "Usimwambie. Mama yako hakuja na abee. Siku ya kwanza nilipomwita pale bombani aliitika labeka, kwa adabu, na kichwa kainamisha. Tukacheka wote. Hatukuwa na ubaya, Tunu, tulicheka tu, ilikuwa kama mtu kavaa kanzu kwenda kuchota maji. Akaitika hivyo wiki nzima na sisi tukacheka wiki nzima. Wiki ya pili nikamwita, akasema abee. Kidogo sana. Nilifurahi, nikadhani amekuwa wetu." Akapangusa jicho kwa nyuma ya mkono. "Na alikuwa wetu kweli, nisikudanganye. Nilimpenda mama yako kuliko dada zangu. Ndiyo maana naumia nikikumbuka nilivyocheka."

Nilitaka kumwambia nishapoa, kwa niaba ya mama. Nikaona asante ingefaa zaidi pale, nikasema asante.

Kutoka pale kwenda Mtaa wa Mawe, alikolelewa mama, njia ni ndefu na inapita sehemu nyingi, na kila sehemu nilisikia watu wakiitwa na wakiitika. Mahali fulani wanaitika "nini?" na neno hilo linarushwa kama kandambili. Vibandani wanaitika "sema!", wanakuharakisha kabla hujafungua mdomo. Kuna kina mama wanaoitika "yuu!" kwa kuvuta, toka uani, ili ujue walipo na umbali wao. Kuna mzee anayeitika kwa kukohoa. Kuna mtaa mzima ambao ukimwita mtu anakuuliza "nani mimi?", na nilisimama pale, kwa sababu ni swali langu hasa, na wao wanaliuliza siku nzima bila kuumwa kichwa. Nilianza safari nimekasirika, nahesabu adabu za watu. Kule Vibandani nikamwona mwanamke mmoja aliyeitika "sema!" kwa ukali wote, na huku mikono yake inamfunga mtoto vifungo vya shati, kimoja kimoja, taratibu mno. Hasira zikaniishia. Nikaona kwamba hakuna namna ya kuitika iliyo na upendo mwingi kuliko nyingine. Upendo unajipenyeza popote panapopitika, na ukikuta mlango ni mfupi unainama.

Baraza linadhani likiwapa watu neno moja limewapa mji mmoja. Nilisikia "naam" sitini njiani na hakuna mbili zilizofanana. Moja ilikuwa ya kuogopa, nyingine ya mtu anayetafuna. Lakini sasa nafikiri Baraza linajua hilo. Anayekuchagulia neno la kuitikia hajali sauti yako. Anachotaka ni kwamba, kila unapoitwa, yeye awe ndiye aliyekuita.

Nilipofika Mtaa wa Mawe nilikuwa sijazaliwa.

Sijui niseme vipi hali hiyo. Nilikuwa na macho na masikio. Kivuli sikuwa nacho, na miguu yangu haikusikika kwenye mawe. Mtu mmoja tu ndiye aliyeniona na kunisikia, Makame Khatibu, fundi wa kofia, kijana bado, amekaa kizingitini na sindano, anatoboa vile vijicho vya kofia kimoja baada ya kingine. Aliniangalia usoni muda mrefu.

"Wambaje?" akasema. "Weye una macho ya Kazija. Ila yeye nimemwona sasa hivi ana miaka minane, basi weye utakuwa wa mbele huko."

"Mimi ni mwanawe, bwana."

"Basi karibu, mwanangu, nawe hujafika." Akacheka kwa pua, akasogea nipate nafasi.

Nikamuuliza kuhusu labeka. Alifurahi, nikaona ni mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa.

"Hilo neno la mahujaji. Wao wanamwitikia Mola wao: nimeitika wito wako, niko hapa. Sie tukalichukua, tukamwitikia nalo baba, tukamwitikia mwalimu, mpaka shangazi anayekutuma ukwaju dukani. Wako wazee wakali wasemao tumelishusha. Mie sioni hivyo. Mtoto akisema labeka kwa bibi yake asiyeona, ati hilo neno limeshuka? Mie naona limefika."

Nilijua nimepata. Namna, na asili yake. Ningeweza kurudi nyumbani wakati ule ule. Nikashukuru, nikanyanyuka, na Makame akasema, hajainua macho kwenye kofia:

"Lakini Kazija si mtu wa kuitwa."

"Kwa nini, bwana?"

"Nani amwite? Mamake alivuka bahari kwenda kumuuguza dada yake, akafia huko huko. Mtoto akaambiwa kasafiri. Sasa kila siku akitoka chuoni kusoma Kurani, na juzuu yake, anasimama pale chini ya ngazi, anaita mara moja tu. Mama! Kisha anangoja. Kisha anapanda kula."

"Na nyinyi mnamsikia?"

"Mtaa mzima. Cherehani zinasimama."

Nikapandisha sauti, hata bila kuzaliwa. "Na hakuna mmoja wenu anayemwitikia?"

Makame alichoma sindano kwenye kofia akaiacha pale. "Umwitikie mtoto kwa kinywa cha maiti? Atakaa akingoja maisha yake yote. Tulikaa, wakubwa wa mtaa, tukakubaliana: mtu asiitikie wito usio wake. Tulifanya kwa huruma, mwanangu, na tulilia siku ile. Kisha Baraza wakasikia. Ile huruma yetu ikawapendeza, wakaichukua, wakaifanya sheria ya mji mzima, wakaitilia adhabu. Siku hizi ukiitikia wito wa mwingine jina lako linafutwa daftarini."

"Ukifutwa unakuwaje?"

"Hakuna tena wa kukuita."

Nikashuka hadi penye ngazi. Alikuwa pale. Mgongo mdogo, ushungi umeteleza, juzuu kaikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Nilimpenda kabla ya kumwona uso. Akaita. Mtaa ukanyamaza, nikasikia cherehani moja ya juu ikikatika katikati ya mshono. Nikafungua mdomo nimwitikie, liwalo na liwe, na hakukutoka sauti ya kumfikia, kwa sababu nilikuwa sijazaliwa. Alingoja. Mimi nilingoja naye, hatua mbili nyuma yake. Kisha akapandisha ushungi akapanda ngazi kwenda kula.

Sikumbuki nilivyorudi. Nakumbuka mwili ukinirudia mtaa kwa mtaa, meno, matiti, mgongo unaouma, na Ijumaa ikanikuta mlangoni kwetu.

Bwana Lukanga alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, daftari magotini. Nikamweleza yote kwa utaratibu: namna ni labeka, imetoka kwa mahujaji, ikaenda kwa wazee, ikachekwa bombani, ikafunikwa na abee, ikafunikwa tena na naam. Aliandika kila kitu. Akauliza kama kuna shahidi, nikamtaja fundi wa kofia, akaandika na hilo. Kisha akamgeukia mama, akavua kofia, na akamwita kwa sauti ya Mtaa wa Mawe, ile inayopanda mwishoni.

"Kazija!"

Mama alikuwa anaangalia ua.

Bwana Lukanga akaangalia daftari. Akaita mara ya pili, kwa jina kamili la daftarini. "Kazija binti Sheha!"

Hakuna. Safari yote ile, miaka yote ile, nimemletea neno lake la asili safi kabisa, na amelipita kama hakuliona. Imebaki mara moja. Bwana Lukanga hakuita. Alikuwa anachelewesha, anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Na ndani ya kule kuchelewesha, mama aliinua uso, akautazama mlango, na akaita yeye.

"Mama!"

Ilikuwa sauti ya miaka minane. Jirani zetu wote walinyamaza, na sijui walijuaje.

Nikaelewa kosa langu. Wiki nzima nimeuliza watu anaitika vipi, anaitika vipi. Sikumuuliza mtu hata mmoja anamwita nani. Nikamtazama Bwana Lukanga. Naye alinitazama, akatikisa kichwa polepole, kuniomba. Usifanye, Dada Tunu. Kalamu yangu haina ujanja.

Nikiitika, Tunu anafutwa. Sawa. Tunu ni nani? Ni aliyekuwa anaitwa na huyu, na huyu hamwiti tena. Nikiitika, hakutakuwa na Mama Tunu popote, jina lake la nyumba yote litakosa ukuta wa kuegemea. Nikiitika ni uongo. Ni uongo? Nimembeba kwenda kuoga. Nimemchana nywele. Nimemlisha uji nikaupuliza kwanza. Naogopa. Naogopa kukaa duniani pasiwe na wa kuniita. Amengoja miaka sabini na moja. Anangoja sasa hivi, mbele yangu, na mara hii nimeshazaliwa.

"Naam, mwanangu," nikasema. "Nipo hapa."

Mama aligeuka. Aliniona, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile ya mchele, na uso wake wote ukafunguka, akanikasirikia.

"Mbona siku zote hizo huitiki?"

"Nilikuwa mbali, mwanangu. Nisamehe. Sasa nimekuja."

"Nilikuita sana."

"Najua. Nilikusikia."

Nyuma yangu nilisikia kalamu. Ilipita juu ya karatasi mara moja, mstari mrefu, na nikajua ni jina langu linakwenda. Haikuuma. Mama alikuwa amenishika vidole viwili, anaanza kunihadithia mambo ya chuoni, nani kapigwa na nani kapata juzuu mpya, maneno mengi kuliko yote aliyosema mwaka mzima, na mimi nilikuwa nalia na kucheka na kusema ehe, ehe, ikawaje.

Bwana Lukanga akasafisha koo. Ilikuwa imebaki mara yake ya tatu, na sheria inamtaka aitumie. Akaita kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba radhi.

"Kazija."

"Labeka!" akasema mama, bila kugeuka. "Ningoje kidogo, nazungumza na mama."